MTU ASIYE NA MAKAO: APEWE NYUMBA KWANZA, AU AJITENGENEZE KWANZA?

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano ujao wa tawi mtaulizwa neno moja, nanyi mtalijibu kwa kuinua mikono. Je, Sanduku letu la Msaada litumike kulipa kodi ya vyumba kwa wenzetu wa zamani ambao leo wanalala nje? Wengine wamekwisha kusema kwamba hizo ni fedha za kutupa mtoni. Wengine wanasema ni wajibu wetu, hapana shauri zaidi. Sisi tunaoandika ukurasa huu tumekaa katika halmashauri ya Sanduku hilo miaka sita, na tunapenda kuwaeleza yale tuliyoyaona kwa macho yetu, pamoja na yale yaliyopimwa katika nchi nyingine, kusudi mkiinua mkono mjue mnauinua kwa sababu gani.

Kwanza hatuna budi kuungama kosa letu.

Alikuwako mwenzetu mmoja, jina lake tunaliacha, ambaye aliunganisha mabehewa miaka kumi na saba, usiku na mchana, jua na mvua. Alipoondolewa kazini alikuwa na deni. Baada ya deni ikaja pombe, na baada ya pombe akaanza kusikia sauti za watu wasiokuwako. Mke wake akarudi kwao pamoja na watoto. Yeye akaanza kulala juu ya maboksi nyuma ya ukuta wa ghala, mahali ambapo sisi sote tulipita kila asubuhi tukienda zamu.

Mara ya kwanza tulimpangia chumba, tukamwambia: Siku tutakayokukuta umelewa, utatoka. Alikaa siku kumi na tisa. Mara ya pili tulimpa chumba kwa sharti kwamba kila mwezi alete cheti cha daktari kuonyesha anameza dawa. Cheti kile kilitaka nauli, na kilitaka kungoja kutwa nzima katika mstari. Mwezi wa pili hakukileta, nasi tukamtoa. Mara ya tatu hatukumpa chumba kabisa. Tulimwambia akae miezi mitatu bila kugusa pombe, huko huko nje aliko, ndipo tufikiri shauri lake. Katika kitabu cha Sanduku karani wetu aliandika mara tatu neno moja tu, "Ameshindwa," nasi tukatia sahihi.

Fikirini hiyo mara ya tatu, ndugu. Ilikuwa wakati wa mvua kubwa. Sisi wenye mabati juu ya vichwa vyetu tulimwambia mtu anayelowana aache kile kitu kimoja kilichompa joto, ndipo tumpe mabati. Wazee walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hakuna hata mmoja wetu anayejua barua ya kuondolewa kazini itamkuta lini. Yule mwenzetu yuko nje mpaka leo, na yeye ni mmoja wa saba ambao majina yao yatasomwa katika mkutano.

NGAZI ILIYOWAANGUSHA WENGI

Desturi hii ya "jitengeneze kwanza" si yetu peke yetu. Katika miji mikubwa ya Marekani na Ulaya ilifuatwa kwa miaka mingi, na ilikuwa kama ngazi. Mtu alianza katika bweni la usiku. Akionyesha tabia njema alipandishwa katika nyumba ya pamoja yenye msimamizi. Akiacha pombe na kumeza dawa alipandishwa tena. Nyumba yake mwenyewe, yenye ufunguo wake mwenyewe, iliwekwa juu kabisa. Wengi hawakufika huko. Walianguka katikati, wakarudi barabarani, wakaanza tena chini, na kila walipoanguka vitabu viliandika kama kile chetu kilivyoandika.

Mwaka 1992, mjini New York, bwana Sam Tsemberis, mtaalamu wa mambo ya akili, alianzisha shirika liitwalo Pathways to Housing, akaigeuza ngazi hiyo juu chini. Alisema mtu aliyelala nje miaka mingi na tena ana ugonjwa wa akili apewe nyumba kwanza, nyumba ya kawaida ya kupanga katikati ya wapangaji wengine, kisha msaada umfuate pale pale. Hakuambiwa aache pombe ndipo apate ufunguo. Hakuambiwa ameze dawa ndipo apate ufunguo. Mpango huo ukajulikana kwa jina la Nyumba Kwanza.

Lakini msidhani mtu alitupiwa ufunguo akaachwa. Nyumba ilikuja pamoja na watu: mwuguzi, daktari wa akili, mtu wa kumtafutia kazi, hata mtu ambaye mwenyewe alipata kulala nje akajua njia ya kutoka. Tena mwenye nyumba na wale wenye kutoa msaada walikuwa watu mbali mbali. Mtu akikosana na mwenye nyumba akahama, msaada ulimfuata anakokwenda. Huku kwetu ilikuwa kinyume. Halmashauri ile ile iliyomlipia mwenzetu kodi ndiyo iliyomchungulia kama amelewa, na ndiyo iliyomfukuza. Hakuwa na mtu wa kumwambia shida yake bila kuogopa kupoteza chumba.

KUPIMA SI KUTAZAMA RANGI

Sasa yuko mwanachama atakayesema: Maneno mazuri hayo, lakini je, yalipimwa? Ni swali la haki, na sisi wa reli tunajua maana yake. Mafundi wa zamani hawakutazama rangi ya behewa. Walitembea na nyundo wakiligonga kila gurudumu, wakasikiliza mlio. Gurudumu lenye ufa hulia vibaya hata kama limepakwa rangi jana.

Nyundo kubwa kuliko nyingi iligongwa katika nchi ya Kanada. Mwaka 2008 serikali ya nchi hiyo ilitoa dola milioni 110 kwa Tume yake ya Afya ya Akili, ili mpango wa Nyumba Kwanza ujaribiwe katika miji mitano: Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montréal na Moncton. Jaribio lilianza mwaka 2009 na kumalizika mwaka 2013. Walioandikwa walikuwa watu 2,148, wote wasio na makao ya hakika na wote wenye ugonjwa wa akili.

Angalieni jinsi walivyofanya, maana hapo ndipo penye haki ya kipimo. Hawakuchagua watu wapole wakawapa nyumba. Waligawa watu kwa kura. Watu 1,158 waliangukia kundi la Nyumba Kwanza. Wengine 990 waliachiwa misaada ile ya kawaida iliyokuwako mjini, yaani mabweni, hospitali na mashirika. Wa kundi la kwanza walisaidiwa kupanga nyumba, na walilipa kodi isiyozidi asilimia 30 ya mapato yao. Mpango ulilipa iliyobaki. Tena walitakiwa kukutana na mtu wa msaada walau mara moja kwa wiki. Hayo ndiyo yaliyotakiwa kwao, pamoja na kushika mapatano ya upangaji kama mpangaji ye yote. Makundi yote mawili yalifuatwa miaka miwili hivi, yakiulizwa maswali yale yale.

Tufanye hesabu kwa watu mia, kama tulivyofundishwa shuleni. Katika miezi sita ya mwisho, kati ya kila watu 100 wa Nyumba Kwanza, 62 walikuwa ndani ya nyumba siku zote, 22 walikuwa ndani siku nyingine na siku nyingine nje, na 16 hawakuwa na nyumba hata siku moja. Katika kundi la pili, kati ya kila watu 100, waliokuwa ndani siku zote ni 31, waliokuwa ndani na nje ni 23, na wasiokuwa na nyumba kabisa ni 46.

Soma tena hesabu hiyo polepole. Kama kundi la pili lisingekuwako, wenye mpango wangalijisifu kwa wale 62. Lakini twaona kwamba watu 31 katika mia walipata nyumba bila mpango huo. Kwa hiyo sifa iliyo halali ni ya watu 31, si ya 62. Hata hivyo watu 31 katika kila mia ni wengi sana. Mpango uliongeza maradufu wale wanaolala ndani kila usiku. Na wale 16 waliobaki nje hawakufichwa. Waliandikwa. Huo ndio uaminifu tunaoutaka, maana ripoti isiyo na walioshindwa ni sawa na ankara isiyo na upande wa matumizi.

Tena kipimo hakikukoma hapo. Mjini Toronto watu wale wale walifuatwa mpaka miaka sita, na habari zake zikatangazwa mwaka 2019. Waliopewa nyumba kwanza waliendelea kukaa siku nyingi zaidi katika makao ya hakika kuliko wenzao.

NA POMBE JE?

Hili ndilo swali tunalolisikia kila mahali, hata langoni wakati wa kubadilishana zamu: Mkimpa mlevi chumba bila sharti, si atakunywa mpaka afe?

Mjini Seattle, Marekani, palifunguliwa mwaka 2005 jengo lenye makao ya watu 75, likaitwa 1811 Eastlake. Liliwekwa kwa ajili ya walevi wa miaka mingi, wale hasa walioligharimu jiji fedha nyingi kwa hospitali na jela. Waliruhusiwa kunywa ndani ya vyumba vyao wenyewe. Watu wengi walikasirika, wakasema ni kuulipia ulevi kodi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Waliohamia humo walikuwa wakinywa karibu vipimo 16 vya pombe kwa siku. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wakinywa karibu 11. Kabla ya kuingia, kila mtu aliugharimu umma dola 4,066 kwa mwezi. Baada ya mwaka mmoja zilikuwa dola 958.

Vipimo 11 kwa siku ni vingi, hatusemi kwamba walikuwa watakatifu. Tena watu wale hawakugawanywa kwa kura kama Kanada. Walilinganishwa na wenzao waliokuwa wakingoja nafasi, na kwa hiyo kipimo hicho hakina nguvu sawa na kile cha Kanada. Lakini jambo moja latosha kutuondolea hofu: kuondoa sharti hakukuongeza ulevi.

KITU KISICHOPIMWA KWA RATILI

Hapa twataka kuwaonya wale ndugu wanaounga mkono shauri hili kupita kiasi, maana upande wetu nao una maneno ya kutia chumvi.

La kwanza, msiseme nyumba itamponya mtu. Kule Kanada afya ya akili na matumizi ya pombe na dawa za kulevya yalipata nafuu katika makundi yote mawili, karibu sawa sawa. Nyumba Kwanza iliwashinda wengine kwa kukaa ndani, na kwa maisha mema zaidi na kuelewana vizuri zaidi na majirani. Mwaka 2018 baraza kuu la wataalamu wa Marekani lilikusanya habari zote zilizopatikana, likasema kwamba nyumba zenye msaada zinawaweka watu ndani, lakini hakuna ushahidi mkubwa kwamba zinaboresha afya yao, isipokuwa walau kwa wenye ugonjwa wa ukimwi. Basi tusiihukumu nyumba kama dawa. Mwanachama anayekaa katika nyumba ya kazi akiwa na pumu hafukuzwi kwa kuwa nyumba haikumponya pumu. Nyumba ni ya kulala, kufunga mlango, kuweka vitu vyako na kuvikuta asubuhi.

La pili, msiseme nyumba inajilipa yenyewe. Kule Kanada, kwa wagonjwa wenye shida kubwa kabisa, mpango uligharimu dola 22,257 kwa mtu mmoja kwa mwaka, na kila dola 10 zilizotumika ziliokoa dola 9.60 katika hospitali, mabweni, polisi na jela. Karibu zirudi zote. Lakini kwa wenye shida ya kadiri, kila dola 10 ziliokoa dola 3.42 tu. Waliorudisha zaidi ya walichotumiwa walikuwa wale wachache, mmoja katika kumi, waliokuwa na gharama kubwa kuliko wote hapo mwanzo. Kwao kila dola 10 ziliokoa dola 21.72.

Sasa fikirini hatari iliyofichika katika hesabu hiyo. Tukisema mtu apewe nyumba kwa sababu inaokoa fedha, basi atapewa yule anayebebwa na polisi kila wiki na kupelekwa hospitali kila mwezi. Na yule mpole, anayejikunja nyuma ya ukuta bila kelele, asiyemsumbua askari wala daktari, atabaki nje, maana kumwacha nje hakumgharimu mtu senti. Mtu kama huyo kwa hesabu ya kuokoa fedha hana thamani. Yule mwenzetu wa mabehewa ni mtu wa namna hiyo. Hakuna aliyetumia kitu juu yake, basi kitu gani kitaokolewa?

Na hivyo ndivyo ilivyo kwa wengi katika nchi yetu. Hesabu ya mwaka 2018 iliyofanywa na serikali ilikuta watu 46,639 wanaoishi mitaani katika Kenya. Hatuwezi kungoja wageuke kuwa wa gharama kubwa ndipo tuwaone. Kwa hiyo fedha zipimwe, ndiyo, kusudi zisipotee njiani, lakini zisiwe hakimu. Kipimo cha kwanza kiwe hiki: usiku wa leo mtu huyu amelala ndani, nyuma ya mlango wake mwenyewe, au amelala nje?

HUKU KWETU

Kanada si Kenya, na mtu akiwaambia tuchukue mpango wao kama ulivyo, mkataeni. Kule kuna serikali ya kuongeza kodi ya nyumba na posho kwa wagonjwa. Huku madaktari wa akili ni wachache, na barabarani hatukuti wanaume wagonjwa peke yao, bali watoto na akina mama walionyonyesha hapo hapo. Hata wao wenyewe hawakutumia kiatu kimoja kwa miguu yote. Kule Winnipeg, ambako wengi walikuwa wenyeji wa asili wa nchi ile, mpango ulitengenezwa pamoja na wenyeji hao kwa desturi zao.

Lakini kanuni tunaweza kuichukua, tena kwetu si kanuni ngeni. Vyama vya wafanyakazi vya nchi hii vilikulia katika vita vya nyumba. Mfanyakazi Mwafrika zamani alihesabiwa kama mtu asiye na jamaa, akapewa nafasi ya kitanda tu katika chumba cha wengi. Mwaka 1954 kamati ya mishahara iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikubali kwamba mshahara umtoshe mtu pamoja na jamaa yake, si kichwa kimoja. Leo sheria ya kazi ya mwaka 2007 yamtaka tajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa au fedha za kupangia. Hakuna katika vita hivyo vyote aliyesema mfanyakazi athibitishe kwanza kwamba hanywi.

Kwa upande mwingine tulikuwa na sheria ya wazururaji, iliyoachwa na wakoloni, ambayo kwayo mtu alishikwa kwa kosa la kutokuwa na makao wala kazi. Ilifutwa mwaka 1997. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao ya kufaa. Tazameni safari hiyo: jambo lililokuwa kosa limekuwa haki katika karatasi. Kutoka karatasi mpaka mlango bado ni mbali.

Tena tangu mwaka 2024 sisi wenye mishahara tunakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na tajiri anatoa kiasi hicho hicho. Ni halali yetu kuuliza, kupitia viongozi wetu, ni milango mingapi katika nyumba hizo itawekwa kwa mtu asiye na hati ya mshahara.

Tujifunze pia kwa nchi ya Finland. Tangu mwaka 2008 serikali yao ilifuata Nyumba Kwanza kwa nguvu, ikageuza mabweni ya usiku kuwa nyumba za kupanga zenye mikataba, na hesabu ya wasio na makao ikashuka mpaka 3,429 mwaka 2023. Lakini mwaka 2024 ilipanda tena mpaka 3,806. Hakuna ushindi wa nyumba unaojilinda wenyewe. Ukiacha kutia makaa, injini inasimama hata mlimani.

SHAURI LETU KWA TAWI

Kwa hiyo tunawaomba mkubali, lakini mkubali pamoja na kipimo. Twashauri hivi:

1. Sanduku lilipe kodi ya vyumba vitatu kwa muda wa miaka miwili, si kwa mwezi mwezi. Mtu asiyejua kama atakuwa ndani mwezi ujao hawezi kutulia.

2. Walioandikwa ni saba na vyumba ni vitatu. Tupige kura mbele ya mkutano, bila upendeleo. Tusichague watulivu kusudi hesabu yetu ipendeze.

3. Masharti yawe yale ya mpangaji ye yote: asivunje mali, asipigane na majirani, atoe sehemu ya kodi akipata chochote. Pombe na dawa zisiwe sharti la ufunguo.

4. Wanaolipa kodi wasiwe wale wanaomtembelea. Tuchague ndugu wengine wawili kwa kila mtu, wamwone walau mara moja kwa wiki, wampeleke kliniki akikubali, wamsaidie kupata kitambulisho na kudai malipo yake ya zamani. Akipoteza chumba, waendelee kumtafuta.

5. Kabla ya kuanza, tuandike kila mmoja wa hao saba analala wapi na anakula nini, wale wanne wasiopata chumba pia. Kisha tuandike tena baada ya miezi sita, kumi na miwili na ishirini na minne. Tuhesabu usiku aliolala ndani. Tumwulize mwenyewe anaonaje, wala asijibiwe na karani.

6. Ripoti isomwe mkutanoni yote, pamoja na yaliyoharibika. Watu watatu hawatoshi kuthibitisha jambo mbele ya ulimwengu, na mtu asije akasema tumethibitisha. Lakini watatosha kutuonyesha sisi wenyewe tunakosea wapi.

7. Wale wanne tusiwasahau. Kura ni ya kugawa uchache kwa haki, si ya kuwahukumu walioikosa. Sanduku likinenepa, chumba cha nne kifuate.

Wako watakaouliza, na hizo fedha zikipotea? Ndugu, zikipotea tutaandika kwamba zimepotea, na tutasema kwa nini. Hilo tunaweza kulistahimili. Tusilolistahimili ni kupita nyuma ya ghala kila asubuhi na kujifanya hatumjui mtu tuliyekula naye zamu moja. Katika shule ya misheni tulisomeshwa habari ya Msamaria aliyempeleka majeruhi katika nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi kulipa litakalozidi. Hatukusoma mahali po pote kwamba alimwuliza kwanza jinsi alivyofika barabarani.

Kile kitabu cha Sanduku bado kiko katika meza ya halmashauri, na yale maneno matatu, "Ameshindwa, Ameshindwa, Ameshindwa," yamo bado. Hatuombi yafutwe. Tunaomba yaandikwe pembeni yake, kwa wino, ni masharti gani tuliyompa na kwa siku ngapi, kusudi atakayesoma baadaye aamue mwenyewe ni nani aliyeshindwa.

Njooni mkutanoni wengi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Ni sisi wenzenu,
Ndugu wa Karakana